Matoleo Yote ya Maisha ya Doto Pantaleo Luhende

Padre wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Nyasubi, ndugu zetu Waislamu mliokuja na masufuria na maturubai yenu tangu Jumatano bila kuombwa, na ninyi wageni mliotoka Rwamgasa, huko Geita, mkapanda gari alfajiri, familia inawaamkia kwa heshima zote, na inawaomba mtulie, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko mlivyozoea, na ndani yake kuna jambo ambalo hadi Ijumaa jioni ukoo ulikuwa haujakubaliana kama lisomwe au liachwe. Anayewasomea ni Kulwa, dada pacha wa marehemu, na sauti yake ikikwama mahali, mvumilieni, itarudi.

Marehemu Doto Pantaleo Luhende alizaliwa tarehe 17 Septemba 1983 katika zahanati ya Ngogwa, Kahama, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto watano wa marehemu mzee Pantaleo Luhende na mama yetu Justa, aliyekaa hapo mbele. Kulwa alitangulia, na Doto akafuata baada ya dakika ishirini na tano, dakika ambazo mama amezisimulia miaka yote, kwa kuwa mkunga alikuwa ameshaanza kunawa mikono akidhani kazi imekwisha. Aliyezaliwa baada yao akaitwa Shija, kama ilivyo desturi yetu. Tangu siku hiyo Doto hakuwa mtu wa kuharakishwa, ukimwita mara ya kwanza anaitika kichwani mwake tu, mara ya pili ananyanyua uso, na ya tatu ndipo anasimama.

Alianza elimu ya msingi pale Ngogwa mwaka 1991 akamaliza mwaka 1997, akajiunga na sekondari mjini Kahama kuanzia 1998 hadi 2001, akasoma kidato cha tano na cha sita Tabora, na mwezi Oktoba 2004 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sayansi ya kompyuta, akahitimu mwaka 2008. Waliosoma naye Ngogwa watakumbuka kwamba daftari lake lilikuwa kero kwa walimu, kwa sababu alikuwa hafuti, akikosea hesabu anapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya jibu baya na kuandika jipya pembeni, ili mtu akisoma aone yote mawili, na kwa tabia hiyo alichapwa sana, akiambiwa ni mchafu, wala hakuiacha.

Tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa na kampuni moja ya upimaji mjini Geita, na huko ndiko alikokutana na jambo lililomnyima raha kwa miaka. Ramani za njia za chini ya ardhi zilikuwa zimetapakaa kwenye simu na kompyuta za watu, moja imeandikwa ramani mpya, nyingine ramani mpya ya mwisho, nyingine ramani ya mwisho kabisa ndiyo hii, na hakuna aliyejua ipi ni ipi, nani alibadilisha nini, wala kwa nini. Zipo programu nyingi duniani za kutunza matoleo ya kazi, alizijua na alizitumia, lakini zilitaka mtandao wa uhakika na mtu aliyesoma Kiingereza, wakati wapimaji wa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, walikuwa wakipokezana mafaili kwa kadi za kumbukumbu za simu, juani, mikono ikiwa na udongo.

Basi mwaka 2012 akaanza kuandika programu yake, akiifanyia kazi jioni na siku za mapumziko, na tarehe 5 Agosti 2015 akaitoa hadharani kama programu huria, maana yake msimbo wake wote uko wazi, anayetaka anauchukua, anausoma, anaurekebisha na kuurudisha, bila kumwomba mtu ruhusa. Kila faili likibadilishwa, programu inalitunza lile la zamani pamoja na jipya, na kumtaka aliyebadilisha aandike jina lake, saa, na sababu. Mama Justa alipoelezwa kwamba mwanawe ametoka jasho miaka mitatu kisha anaigawa kazi bure alishika kichwa, akauliza ni mkulima gani anapanda mpunga halafu anawaachia watu shamba wavune, naye akamjibu, "Mama, mpunga huu ukivunwa haupungui." Mama alisema hayo ni maneno ya watu walioshiba.

Programu hiyo aliipa jina Kulwa, akisema kila faili lina pacha wake aliyetangulia kutoka, na anayempenda mdogo asimsahau mkubwa. Kulwa mwenyewe, huyu anayewasomea, hakuulizwa. Kuanzia hapo dada wa watu akawa anapita sokoni na magunia yake ya mchele anasikia vijana wa ofisi wakisema Kulwa amegoma, Kulwa ni mzito leo, mfute Kulwa umweke upya, na alimgombeza ndugu yake kwa hilo mpaka akachoka. Hata hivyo programu ilikua, waliirekebisha watu wa Nairobi, wa Kigoma, wa Brazili, watu ambao Doto hakuwahi kuwaona sura, na kufikia mwaka 2017 maduara kumi na manne ya Rwamgasa yalikuwa yakitunza ramani zake humo.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Generosa tarehe 21 Novemba 2009 katika parokia ya Ngogwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lusia, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 2011, na Pantaleo, aliyechukua jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2014. Mwaka huohuo wa 2014 aliacha kazi Geita, akahamishia familia hapa Nyasubi na kufungua ofisi yake ndogo, na alikuwa baba wa kukaa chini na watoto wake, mume mpole, mwenye kosa moja ambalo Generosa ameruhusu lisemwe, kwamba akiwa na jambo moyoni hasemi, ananyamaza siku nzima, na ukimuuliza anakuambia ni kazi tu.

Kwa kawaida hapa tungeingia kwenye ugonjwa. Lakini kazi yake inabidi irudiwe, kwa sababu alichoficha kilikuwa huko.

Simu za wapimaji wa Rwamgasa zilikuwa za kizamani, betri ikitolewa saa ya simu inarudi nyuma miaka na miaka, kwa hiyo Doto alipotengeneza programu yake aliamua mpimaji aandike saa kwa mkono, na toleo lenye saa ya mbele zaidi ndilo programu ingelihesabu kuwa jipya. Alilijaribu jambo hilo Dar es Salaam kwa wenzake wa chuo, ambao waliandika saa kama kompyuta inavyozihesabu, likafanya kazi vizuri. Tarehe 11 Januari 2017, Zuhura binti Nuruddin, karani wa ofisi ya maduara pale Rwamgasa, ambaye yuko nasi leo, alimwandikia kwenye ukurasa wa kasoro wa programu, akamwambia, "Kaka Doto, mpimaji wa huku akiandika saa nne anamaanisha saa nne ya asubuhi, siyo saa kumi ya alfajiri. Mashine yako inawapanga vibaya." Doto alisoma, akajibu siku ya tatu kwamba watumiaji wajifunze kuandika saa ya kompyuta, akaifunga taarifa hiyo kana kwamba imekwisha. Mtoto wa Ngogwa, aliyezaliwa saa mbili asubuhi na mama asiyejua saa nyingine yoyote, alijibu hivyo.

Siku ya Jumanne, tarehe 13 Machi 2018, katikati ya mvua, saa moja na robo asubuhi, Zuhura aliingiza kwenye kompyuta ya ofisi ramani ya duara moja kufuatana na vipimo vya jana yake, na kompyuta ikajiandikia yenyewe, kwa hesabu yake, saba na dakika kumi na tano. Baadaye Bartholomeo, mpimaji wa duara lile, alishuka mwenyewe na kamba yake, akagundua kwamba njia ya kusini imebakiza hatua chache tu kulifikia shimo la zamani lililojaa maji, akapaka wekundu mahali pale kwenye ramani, akachora pia upande wa kaskazini njia kavu ya zamani aliyoikuta, akapanda juu, akaandika nne na dakika ishirini, akaituma, akamwonya msimamizi aliyekuwa akimaliza zamu, kisha akaenda kupima duara la ng'ambo. Msimamizi aliondoka bila kumwambia wa zamu iliyofuata. Bartholomeo alikuwa ametimiza wajibu wake wote, ila programu iliisoma saa yake kuwa ya alfajiri, ikaiweka ramani yake chini, na ile ya Zuhura, ya vipimo vya jana, ikabaki juu kama ndiyo mpya.

Saa sita mchana ilichapwa ile ya juu. Saa nane wanaume tisa walishuka wakiishika mkononi, wakachimba kusini, na kabla ya saa tisa ukuta ulipasuka maji yakaingia.

Doto alipigiwa simu saa tisa na robo, akiwa hapa ofisini kwake, na aliyepiga ni Zuhura, amesimama mdomoni mwa duara, nyuma yake wanawake wanalia na mashine ya kuvuta maji imegoma kuwaka. Hakujua aanzie wapi, alisema tu maji, maji, watu wako chini, ramani inaonyesha kusini ni mwamba. Doto alifungua kumbukumbu ya mabadiliko kwenye kompyuta yake, akaona mistari miwili, saba na dakika kumi na tano juu, nne na dakika ishirini chini, na ameandika mwenyewe kwamba alielewa palepale, na akaikumbuka taarifa ya Januari neno kwa neno. Akamwambia, "Zuhura, achana na ya juu, fungua ya Bartholomeo, hiyo ndiyo ramani ya leo, mtazame kaskazini." Zuhura alifungua, akaiona njia kavu, akakimbia kuwaonyesha waokoaji waliokuwa wakipoteza muda kusini, nao wakahamia duara la jirani na kuanza kufukua kuelekea njia ile, huku Doto yuko kwenye simu, hawezi kufanya lolote zaidi ya kusikiliza makoleo, kilomita nyingi kutoka pale, kwa muda wa saa mbili na robo.

Saa kumi na moja na nusu jioni walitoka wanane, hai. Wa tisa alikuwa Marcel, baba Salome, aliyerudi nyuma kumvuta mwenzake, na mwili wake ulipatikana kesho yake asubuhi. Mke wake, Eunice, mama Salome, amekuja msibani leo na wenzake wa Rwamgasa, kwa wema tu, kwa kuwa alimfahamu marehemu kama mtu aliyekuwa akimsomesha binti yake bila kusema kwa nini. Mama Salome, familia inakuomba uvumilie kusikia haya mbele za watu, ulistahili kuyasikia miaka saba iliyopita, nyumbani kwako.

Tarehe 20 Machi 2018 kamati ya duara ilikaa, na Zuhura, kwa kuwa ni karani tu, hakuitwa. Kumbukumbu ilisomwa mbele ya wote, na kwa kuwa ilionyesha ramani ya Bartholomeo imeandikwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri, wakati kila mtu anajua kwamba alfajiri ile alikuwa kitandani kwake, walisema ameitunga ramani bila kupima, kwamba wekundu ule ni wa kubahatisha, na kwamba kama angekuwa ameona maji kweli angekaa pale kuzuia watu. Msimamizi wa asubuhi, akiogopa kuulizwa yake, alificha kwamba alionywa. Bartholomeo alisimama, akasema, "Wazee wangu, niliandika saa nne. Saa nne nilikuwa chini, na matope ninayo kwenye viatu mpaka leo." Mwenye duara akamjibu kwamba mashine haina sababu ya kusema uongo. Kisha wakamgeukia Doto, ambaye alikuwa ameitwa kama mtaalamu, wakamuuliza kama programu yake inaweza kukosea, na watu wote wakamtazama. Doto akasema, "Programu inaandika ilichoandikiwa." Akakaa.

Neno hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililommaliza Bartholomeo. Aliwekwa ndani siku kumi na tisa, akaachiwa bila kesi, lakini hakuna duara lililompokea tena, watoto walimwimba njiani kwamba ni mchora kaburi, na mwaka uliofuata akahamia hapahapa Nyasubi, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, hatua mia mbili kutoka ofisi ya mtu aliyejua ukweli. Doto alirekebisha kasoro ya saa ndani ya siku tatu, akaandika kwa Kiingereza mstari mmoja kwamba namna ya kusoma saa imeboreshwa, na watu wa nje wakamshukuru kwa umakini wake. Tangu hapo hakupita tena barabara yenye kile kibanda, alizungukia nyuma ya soko hata mvua ikinyesha, na Generosa alipomuuliza kwa nini anarudi na matope kila siku, alisema ni kazi tu.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akapimwa hapa Kahama, akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza tarehe 14 Novemba, ikagundulika ni saratani ya ini, na kuanzia Januari mwaka huu madaktari walikuwa wakipunguza maumivu tu. Tarehe 2 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa kitandani, aliomba kompyuta yake na kuanza kuandika historia hii mwenyewe, akaitunza ndani ya programu yake, akamwapisha Kulwa kwamba ndiye atakayeisoma. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Generosa.

Alhamisi ukoo ulikaa kikao, na baba mdogo Wiliam, ambaye hasemi hili kwa ubaya, alitaka aya zote za Rwamgasa zitolewe, akauliza nani atakayemtetea mjukuu wake shuleni akianza kuitwa mtoto wa muuaji, na wengi wakakubaliana naye, na Kulwa naye, siyo siri, alinyanyua mkono. Zikatolewa. Programu ikauliza sababu ya badiliko, ikaandikwa heshima ya familia. Ijumaa Kulwa aliisoma ile iliyobaki, safi, fupi, ya mtu asiyewahi kumkosea mtu, akaona hamjui huyo aliyeandikwa humo, akawaita tena wazee, wakagombana kutwa nzima mpaka mama Justa alipouliza swali moja, kama Bartholomeo ana mama, na akaambiwa anaye, yuko hai. Aya zikarudishwa. Mnalosikia ni toleo la kumi na tano, na sababu yake imeandikwa kwamba marehemu aliagiza.

Haya sasa ni maneno yake mwenyewe, hayakuguswa. "Mimi Doto Pantaleo Luhende nasema mbele za Mungu na watu kwamba ramani ya Bartholomeo ilikuwa sahihi, aliipima kwa mikono yake, aliituma kwa wakati, na programu yangu ndiyo iliyoificha. Zuhura alinionya, nikamdharau. Mbele ya kamati niliulizwa swali nikachagua jibu la kuniokoa. Marcel alikufa kwa kosa langu, Bartholomeo akalibeba. Niliogopa, hakuna sababu nyingine. Naomba maneno haya yasomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wa Rwamgasa wakiwepo."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa hapa Kahama kwa kumtunza kwa upole hadi mwisho, inawashukuru wenzake wa programu waliotuma rambirambi kutoka nchi ambazo mama ameshindwa kuzitamka, inamshukuru Zuhura, na kumwomba radhi, na inawashukuru majirani wote, hasa Mwahija na akina mama wa mtaa huu ambao hawajalala kwao tangu Jumatano. Kwa mama Salome hatuna shukrani wala ombi leo, wazee watakuja kwako matanga yakiisha, kwa utaratibu wetu, wakuinamie na kukusikiliza.

Mwisho tunawashukuru waliochimba kaburi. Vijana wa mtaa walipoanza leo asubuhi kulikuwa na ubishi juu ya upana na urefu, na aliyeshuka na futi yake kupima, bila kuitwa na mtu, kama jirani yeyote, alikuwa Bartholomeo. Kulwa aliona si haki amalize kazi ile asijue anamchimbia mtu wa namna gani, akamwita pembeni, akamweleza yote, akamwambia anaweza kuondoka na hakuna atakayemlaumu. Bartholomeo alikaa kwenye lundo la udongo, akauliza jambo moja tu, kwamba Doto ameandika ilikuwa saa ngapi. Kulwa akamsomea, saa nne na dakika ishirini, asubuhi. Akasema, "Ndiyo. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini." Halafu akafuta uso kwa mkono wa shati, akashuka tena shimoni, akaunyoosha ukuta wa upande wa kichwani mahali vijana walipokuwa wamekosea, na kaburi mnalokwenda kuliona sasa hivi ni la kipimo chake.

Doto, mdogo wangu wa dakika ishirini na tano, imesomwa yote. Sasa pumzika, na iwe kwa amani.